Kadi ya Ukaguzi wa Cessna 172S kwa Viwanja vya Magharibi mwa Kenya: Shajara ya Mradi

Januari. Lengo na mipaka

Mradi huu unatengeneza kadi moja ya Kiswahili ya kukagulia Cessna 172S kabla ya kuruka, kwa wanafunzi wa urubani na marubani wapya wanaotumia viwanja vya Kisumu, Kakamega, Kitale, Eldoret na Nakuru. Kitabu cha mwongozo cha ndege yenyewe ndicho chenye mamlaka, na kadi haichukui nafasi yake. Inamsaidia mtu aliyesimama kando ya bawa, jua likiwaka na abiria wakisubiri, ajue hasa anatafuta nini.

Kadi nyingi zilizozoeleka zina neno moja mbele ya kila kifaa: kagua. Kagua tairi, kagua mafuta, kagua propela. Mtu anaweza kupiga alama kwenye mistari yote bila kujua kama alichokiona ni kizima au kibovu. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila mstari utaje kitu cha kuguswa, hali au kipimo kinachokubalika, na dalili inayoizuia ndege isiondoke. Mstari usio na hayo unaandikwa upya au unatolewa.

Mzunguko unafuata mwongozo: ndani ya chumba cha rubani, mkiani, bawa la kulia, puani, kisha bawa la kushoto. Juu kabisa ya kadi, kwa herufi kubwa, tumeweka agizo moja: ukikatizwa na simu, abiria au mtu wa mafuta, rudi mwanzo wa sehemu uliyokuwa unaikagua. Kifuniko cha tangi kinachosahaulika wazi mara nyingi huachwa na mtu aliyejibu swali huku mkono mmoja ukiwa bado juu ya bawa.

Februari. Chumba cha rubani na kufuli ya usukani

Mstari wa kwanza ni kutoa kufuli ya usukani, yaani kile chuma kinachopitishwa kwenye mhimili wa usukani ili upepo usiyapigepige mabapa ya kuielekeza ndege ikiwa imeegeshwa. Kufuli halisi ya Cessna ina kibati kinachofunika swichi ya kuwashia injini, ili usiweze kuwasha bila kukiona. Hatari huanza inapopotea na mtu akaweka msumari au bisibisi mahali pake. Msumari hauna kibati. Kadi inasema wazi: ukikuta kitu kingine kisicho kufuli ya ndege, kitoe na usikirudishe.

Chanzo cha orodha za ukaguzi tunazotumia leo ni kosa la kusahau kutoa kufuli. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Wright Field, Dayton, Marekani, ndege ya majaribio Boeing Model 299 iliruka kufuli za mabapa zikiwa hazijatolewa. Ilipandisha pua kupita kiasi, ikapoteza mwendo na kuanguka. Haikuwa na hitilafu ya injini wala ya mabawa. Jeshi likaanza kuwaandikia marubani hatua za kufuata badala ya kutegemea kumbukumbu.

Somo hilo halikuenea kwa wote. Tarehe 31 Mei 2014, ndege ya Gulfstream IV ilijaribu kuruka Bedford, Massachusetts, kufuli yake ikiwa imefungwa, na watu 7 wakafa. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za ndege hiyo walikuta kwamba, katika safari 175 zilizotangulia, ukaguzi kamili wa usukani ulifanyika mara 2 tu. Wale walikuwa marubani wazoefu wenye orodha mkononi. Ndiyo sababu kadi yetu inadai ukaguzi wa usukani ufanyike mara mbili: wakati wa mzunguko na tena kabla ya kuingia njia ya kurukia.

Kuzungusha usukani hakutoshi. Lazima utazame bapa linaelekea wapi. Shika usukani vidole gumba vikiwa vimesimama, kisha uzungushe kushoto. Vidole gumba vitaelekea kushoto, na eleroni ya kushoto, yaani bapa la ukingo wa nyuma wa bawa, ndiyo inayopaswa kuinuka, ya kulia ishuke. Vuta usukani: bapa la mlalo la mkiani liinuke. Kanyaga pedali ya kulia: bapa la wima lielekee kulia. Ndege iliyotoka karakana baada ya kubadilishiwa nyaya za usukani ikaguliwe hivi kwa makini zaidi, kwani nyaya zikipishana usukani utakuwa laini kabisa mkononi lakini ndege itainama upande usiouomba.

Kiti nacho kimepewa mstari wake. Viti vya Cessna hukaa kwenye reli zenye matundu, na pini yake ikiwa imechakaa au haikuingia sawasawa, kiti huteleza nyuma pua inapoinuka. Rubani hujishikilia kwa usukani, na kwa kuuvuta huipeleka ndege kwenye kuporomoka, yaani mabawa kupoteza uwezo wa kuibeba. Tatizo hili lilifanya mamlaka ya anga ya Marekani itoe agizo namba 87-20-03 la kukagua reli na pini hizo. Kwenye kadi: kaa, funga mkanda, sukuma kwa miguu kwenda nyuma kwa nguvu, na uhakikishe kiti hakisogei hata kidogo.

Machi. Mafuta

Sehemu hii imechukua nafasi kubwa kuliko zote, na inastahili. 172S inabeba lita 200 hivi za mafuta yanayotumika katika matangi mawili ya mabawani. Geji za ndani haziaminiki peke yake. Panda, fungua kifuniko, ingiza kijiti cha kupimia na usome kwa macho yako, kisha ulinganishe na geji na hesabu ya safari. Injini hii hunywa kati ya lita 35 na 38 kwa saa ikienda kwa nguvu ya kawaida.

Petroli ya ndege ya aina ya 100LL ni ya buluu. Mafuta ya injini za jeti, Jet A-1, hayana rangi au huwa na umanjano hafifu. Yakichanganyika, buluu hupauka, lakini mchanganyiko mdogo hauonekani kwa urahisi. Kadi imeongeza jaribio la karatasi nyeupe: dondosha tone na usubiri. Petroli safi hukauka bila kuacha alama, na mafuta ya jeti huacha duara la mafutamafuta. Injini ya pistoni iliyotiliwa mafuta ya jeti inaweza kuwaka na hata kutembea hadi njia ya kurukia kwa petroli iliyobaki kwenye mabomba. Hitilafu huja nguvu zote zinapofunguliwa: mafuta hulipuka vibaya ndani ya silinda, joto hupanda, na nguvu hukatika ndege ikiwa imetoka tu ardhini. Simama karibu na anayekujazia, na usome maandishi ya pampu wewe mwenyewe.

Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini. Tangi lililolala nusu tupu usiku wenye ubaridi hukusanya unyevu kutoka kwenye hewa iliyomo. Kwa pipa kuna njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii: likisimamishwa nje wakati wa mvua, maji hujaa juu ya kifuniko, usiku petroli ikipoa na kujikunja, pipa huvuta hewa ndani, na maji hupita kwenye uzi wa kizibo. Pipa lihifadhiwe likiwa limelazwa, vizibo vyote viwili vikiwa usawa mmoja kando, chini ya kiwango cha mafuta. Pampu ya mkono iwe na kichujio cha kutenganisha maji, na waya wa kuondoa umeme tuli uunganishwe kabla ya mpira kugusa tangi.

172S ina matundu 13 ya kutolea sampuli: matano chini ya kila bawa na matatu chini ya kiwiliwili. Yote. Mtu anayetoa sampuli kwenye tundu moja la kila bawa hajajua kilichojikusanya kwenye kona nyingine, hasa ndege ikiwa imeegeshwa kwenye mteremko. Kikombe kikijaa maji matupu huonekana safi kabisa, bila mstari wa kutenganisha, na hapo ndipo macho hudanganyika. Kiinue mbele ya kitu cheupe uitafute buluu, kisha unuse. Ukiona maji au chembe, endelea kutoa hadi kikombe kije safi. Tikisa ncha za mabawa taratibu, shusha mkia uuachilie, ngoja, kisha utoe tena. Yasipokoma, ndege haiondoki. Baada ya kujaza mafuta, kadi inataka subira ya dakika 15 hivi kabla ya sampuli, ili maji yapate muda wa kushuka.

Wanafunzi huuliza kwa nini injini yenye maji tangini isizime mapema, wakati wa kutembea ardhini. Jibu limeandikwa nyuma ya kadi. Ndege ikiwa tambarare, maji yanaweza kukaa mahali ambapo mdomo wa bomba hauyafikii. Kwa mwendo wa polepole injini hutumia mafuta kidogo. Ikifunguliwa nguvu zote na pua ikainuka, maji huteremka kuelekea nyuma ya tangi na injini huvuta kwa wingi. Mahali hapo ndege iko juu ya uzio wa uwanja.

Mwisho, tundu la kupumulia la matangi, chini ya bawa la kushoto karibu na mhimili wake. Likiziba, mafuta hayashuki ipasavyo hata kama tangi limejaa.

Aprili. Neli ya pitoti, matundu ya statiki na wadudu

Geji ya mwendo hulinganisha hewa inayoingia kwa kasi kwenye neli ya pitoti, chini ya bawa la kushoto, na hewa tulivu ya tundu la statiki lililo ubavuni. Manyigu wajengao kwa udongo hupenda matundu ya ukubwa huo, na huanza kazi ndani ya saa chache. Pwani ya Ziwa Victoria ina tatizo la ziada: wadudu wa ziwani hutoka kwa makundi mazito na kunata kila mahali. Kifuniko cha pitoti kivishwe kila ndege inapoegeshwa, hata kwa muda wa chakula cha mchana, na kiwe na utepe mwekundu mrefu.

Ajali inayotajwa zaidi katika jambo hili ni ya Birgenair 301, Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, tarehe 6 Februari 1996, ambapo watu 189 walikufa. Ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka, neli zake zikiwa hazikufunikwa muda wote, na wachunguzi walishuku kiota cha nyigu ndani ya neli moja ya pitoti. Ilikuwa Boeing 757, lakini neli hufanya kazi ileile kwenye 172.

Kadi inaeleza dalili. Mdomo wa neli ukiziba huku kitundu chake cha kutolea maji kikiwa wazi, geji hubaki sifuri. Vyote viwili vikiziba, geji huganda, na ndege ikipaa husoma mwendo unaozidi kuongezeka ilhali ndege haijaongeza kasi. Rubani akiinua pua kuupunguza, anaelekea kuporomoka. Kwa hiyo wakati wa kukimbia njiani, kabla ya kufika noti 40 (noti, kipimo cha mwendo wa ndege, ni karibu kilomita 1.85 kwa saa), rubani aseme kwa sauti: "Mwendo unasoma." Usiposoma, nguvu zinafungwa na breki zinakanyagwa papo hapo.

Usiipulize neli kwa mdomo wala kuichokoa kwa waya. Pumzi inaweza kuharibu geji, na waya husukuma udongo ndani. Hiyo ni kazi ya fundi. King'ora cha kuporomoka kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto hupimwa kwa kuweka kitambaa safi juu ya tundu na kunyonya hewa. Kisipolia, mwite fundi.

Mei. Injini, propela, tairi

Oili: usiruke ikiwa chini ya kwati 5 (kwati moja ni karibu lita moja), na kwa safari ndefu jaza hadi 8. Kijiti cha oili kikazwe kwa mkono hadi kisicheze. Chungulia kupitia matundu ya hewa yaliyo mbele ya injini kwa tochi, kwa sababu ndege wa porini huweza kujenga kiota siku moja tu, na nyasi kavu juu ya silinda ya moto ni kuni.

Propela ishikwe kila mara kana kwamba injini iko tayari kuwaka. Waya wa kuzimia magneto, kifaa kinachotoa umeme wa cheche za injini, ukikatika, kuzungusha propela kwa mkono kunaweza kuwasha injini hata swichi ikiwa imezimwa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele ukitafuta vikwaruzo. Kikwaruzo chenye ncha kali ndipo ufa huanzia. Ncha ya propela ikikatika, mtikisiko unaweza kuving'oa vishikizo vya injini. Fundi hukilainisha kwa tupa, si rubani. Kwenye viwanja vya murram usipime injini ukiwa umesimama juu ya kokoto, kwa kuwa propela huzivuta na kujikata. Tafuta sehemu ngumu iliyo safi.

Shinikizo la hewa: tairi la mbele psi 45, ya nyuma psi 42. Tazama pia unyevu wa mafuta ya breki karibu na gurudumu.

Juni. Hesabu ya uwanja

Hapa ndipo kadi za kigeni huwaacha marubani wa kwetu peke yao. Hewa nyembamba hupunguza nguvu za injini, mvuto wa propela na uwezo wa mabawa kwa pamoja. Kadi inatumia kanuni ya haraka: joto la kawaida ni digrii 15 usawa wa bahari, likipungua digrii 2 kwa kila futi 1,000, kila digrii inayozidi huongeza futi 120 hivi kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi.

Kisumu iko karibu futi 3,730. Joto la kawaida hapo ni kama 7.5. Mchana wa digrii 30 ni ziada ya 22.5, ambayo ni futi 2,700. Ndege inajiona iko futi 6,400. Nakuru, karibu futi 6,200 kwa digrii 26, inakuwa kama 9,000. Eldoret, karibu 7,050 kwa digrii 24, inafika kama 9,800. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, hivyo farasi 180 za 172S hubaki kama 145 Kisumu mchana na kama 130 Nakuru.

Kasi nayo hupotosha. Geji itasoma noti 55 wakati wa kuinua pua, Mombasa na Nakuru vilevile, lakini Nakuru mchana huo magurudumu yanakimbia karibu noti 63, yaani kilomita 117 kwa saa, ikiwa hakuna upepo. Mwanafunzi huona ardhi inapita kasi akadhani mwendo umetosha, akavuta mapema. Asome geji.

Uzito wa juu ni kilo 1,157. Tukichukua ndege yenye uzito mtupu wa kilo 753 na matangi yaliyojaa, kilo 144, zinabaki kilo 260. Watu wanne wa kilo 75 ni 300. Imezidi kwa 40 kabla ya mfuko wa kwanza kupakiwa. Kuwabeba wote wanne ni lazima mafuta yashuke hadi lita 144, na kwa Nakuru au Eldoret mchana ni busara zaidi kumwacha mmoja, au kuondoka saa moja asubuhi.

Marekebisho ya mwongozo yameandikwa pembeni mwa kadi: upepo wa mbele hupunguza urefu wa njia unaohitajika kuruka kwa asilimia 10 kwa kila noti 9, upepo wa nyuma huongeza asilimia 10 kwa kila noti 2, hadi noti 10, nyasi kavu huongeza asilimia 15 ya mbio za ardhini. Tazama tofauti: noti 6 za nyuma ni ziada ya asilimia 30. Karibu na ziwa upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu na wa mchana hutoka ziwani, kwa hiyo soma soksi ya upepo upya kila safari. Juu ya jibu lote kadi inaongeza nusu yake. Hiyo ni kanuni ya mradi, haimo kwenye mwongozo.

Vizuizi vya mwisho wa njia vimepewa mstari pia. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyombeba Waziri wa Kazi Ahmed Khalif iligonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kuruka Busia, naye akafariki. Tembea hadi mwisho wa kiwanja usichokifahamu, utazame nyaya, miti na mapaa.

Julai. Mchanganyiko na magneto

Mstari wa mchanganyiko wa petroli na hewa umebadilishwa kabisa. Mazoea ni kusukuma kishikizo chekundu hadi mwisho kabla ya kuruka. Mwongozo wa 172S unasema kwamba kwenye viwanja vya zaidi ya futi 3,000 mchanganyiko upunguzwe hadi injini itoe mizunguko mingi zaidi ikiwa imefunguliwa nguvu zote. Viwanja vyote vitano vya mradi, Kisumu ukiwemo, viko juu ya kiwango hicho. Petroli ikizidi hewa, injini hukohoa, plagi hujaa masizi, na nguvu zilizokwisha kupungua kwa mwinuko hupungua tena. Hatua: kanyaga breki, fungua nguvu zote, vuta kishikizo taratibu hadi mizunguko ifike kileleni. Tarajia 2,300 hadi 2,400 kwa dakika. Ikiwa chini ya hapo baada ya kurekebisha, rudi.

Magneto hupimwa kwa mizunguko 1,800. Kila moja ikibaki peke yake, kushuka kusizidi 150, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Kushuka kukubwa kukiambatana na mtikisiko mara nyingi ni plagi chafu: punguza mchanganyiko, acha injini iende kwa muda mfupi kwa mizunguko ya juu, pima tena. Kutoshuka kabisa si habari njema. Huenda waya wa kuzimia umekatika, na magneto hiyo haizimiki.

Mstari wa mwisho kabla ya kufungua nguvu ni alama ya kuacha. Chagua nusu ya njia kwa kitu kinachoonekana, taa au kibao. Ukifika hapo bila asilimia 70 ya mwendo wa kuinua pua, ambayo kwa 172S ni noti 39, funga nguvu. Aseme rubani mwenyewe kwa sauti kabla ya kuachilia breki, na mkufunzi asimkumbushe.

Kazi iliyobaki

Toleo la sasa ni kurasa mbili za A5 zilizolaminishwa, maandishi meusi juu ya manjano, kwa kuwa nyeupe huumiza macho juani. Bado kuchorwa picha ya matundu 13 kwa mtazamo wa mtu aliyeinama chini ya bawa. Jedwali la mwinuko linahitaji safu za Kakamega na Kitale kwa joto la asubuhi na la mchana. Toleo la 172 za zamani zenye kabureta litakuwa kadi tofauti, si nyongeza: oili, psi, mizunguko ya kupimia magneto na mstari wa joto la kabureta vyote ni vingine, na kadi mbili zikishikwa pamoja mtu atasoma namba ya ndege isiyo yake. Rangi yake itakuwa ya kijani.